Ekspresi Haisimami Lamboni

Jambo la kwanza lilikuwa shati. Mwaisha alilitoa kwenye kapu la nguo chafu, akalinusa, akalinusa tena, kisha akatoka nalo hadi sebuleni.

"Baba Safiya, leo ulikwenda kuvua kambare?"

Abdulhalim hakuinua macho kwenye tableti yake. "Nilikuwa kwenye majaribio ya ekspresi. Nimekaa kwenye gari lenye kiyoyozi, siti ya nyuma kabisa, nikipima muda. Kambare wa nini?"

"Basi mbona shati linanuka tope?"

Abdulhalim akafungua ukurasa mwingine. Mwaisha alipoketi kwenye kochi kando yake, akainuka upesi kama aliyekalia kaa la moto. Mto wa kochi ulikuwa umelowa chapachapa. Alipokaa mumewe palikuwa pakavu. Palipolowa ni pale pembeni yake, pasipokuwa na mtu, na ule unyevu ulikuwa na umbo la mtu aliyeketi ametulia. Ilikuwa Septemba, na Shinyanga nzima ilikuwa haijaona tone la mvua tangu Aprili. Mwaisha akamlaumu paka wa jirani, akautoa ule mto kwenda kuuanika.

Sasa huyu Abdulhalim tumjue vizuri, maana yote yaliyofuata ni ujinga wake na hakuna wa kumgawia. Alikuwa meneja wa safari wa kampuni ya Mehjabin, ya Mzee Ebrahim mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mabasi madogo sita aina ya costa. Kabla ya hapo alikuwa mkata tiketi kama wakata tiketi wengine, mtu wa kawaida, unamsalimia anaitika. Kisha akapelekwa Dar kwenye kozi ya miezi mitatu. Akarudi na tableti, viatu vyenye ncha, na neno moja tu: takwimu. Ukimwambia shikamoo anataka takwimu. Ukimwambia mvua inakuja anataka takwimu.

Barabara ya Shinyanga hadi Kahama costa zake zilikuwa zikisimama vituo kumi na vinne. Abdulhalim aliwapa makonda karatasi, wiki mbili wakawa wanaandika nani kapanda wapi na nani kashuka wapi. Mwisho wa wiki ya pili akawakusanya madereva na makonda kwenye karakana, akasimama mbele yao na tableti mkononi kama khatibu.

"Lamboni," alisema. "Mbele ya Tinde, pale kwenye bwawa. Kila gari linasimama, kila siku, na abiria wanaoshuka ni sifuri. Wanaopanda, sifuri. Na siti namba ishirini na nane, ya nyuma dirishani, kutoka Shinyanga mpaka Lamboni haina mtu. Baada ya Lamboni ndiyo mnaiuza. Yaani tunabeba hewa, halafu tunaisimamishia gari ishuke. Nani atanieleza?"

Madereva wakatazama viatu vyao. Mzee Ndaki, dereva mkongwe kuliko wote, akakohoa. Aliyefungua mdomo ni Rhoda, konda aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita gari lililo ng'ambo ya stendi.

"Bosi, pale tunafungua mlango. Tunahesabu mpaka saba, tunasema 'Shuka salama,' tunafunga. Hatutazami. Ndivyo nilivyokuta, na aliyenifundisha kazi naye alikuta hivyohivyo."

"Anashuka nani?"

"Nimekwambia hatutazami."

"Lete takwimu."

"Takwimu zangu ni hizi: miaka kumi na tisa gari nililomo halijaua mtu."

Waliocheka walicheka. Abdulhalim hakucheka. Mwisho wa mwezi Rhoda akapewa barua kwamba ekspresi haina konda, ina mhudumu, na mhudumu sharti awe na cheti. Akaikunja barua, akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, na hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likisemwa kwa baridi namna ile.

Ekspresi ikaanza. Vituo vitatu tu: Tinde, Isaka, Kahama. Safari mbili za kwenda kila siku, moja asubuhi na moja mchana, na siti zote zinauzwa kwa simu, namba ishirini na nane ikiwemo. Na sisi watu wa Shinyanga, Mungu atusamehe, tulivyo na papara za bure! Wenye haraka ya kweli walikuwa wachache, wale wa dhahabu wanaounganisha gari kwenda Geita. Waliobaki walikuwa watu wazima waliokwenda Kahama kunywa soda na kurudi, ili tu wakasimulie barazani kwamba wamepanda gari lisilosimama. Wanapita vituoni wanawapungia mkono wenzao waliosimama juani, kama mawaziri.

Siku ya tatu, gari likiwa linateremka mbele ya Tinde, sauti ikasema kutoka nyuma: "Shusha."

Ilikuwa sauti ya adabu, ya mtu mzima asiyetaka ugomvi. Abiria wakageuka. Kwenye siti ya nyuma kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa nguo za mitumba, naye akawatazama wao, akitafuta aliyesema. Mzee Ndaki akakaza mikono kwenye usukani na kupita Lamboni kwa spidi tisini, maana agizo ni agizo, na ana wajukuu wanaosoma.

Kesho yake sauti zilikuwa mbili zaidi. Wiki ya pili zilikuwa zikisema kwa pamoja, kama darasa linaloitikia mwalimu, na harufu ya tope bichi ilijaa garini mpaka watu wakafungua madirisha na kuacha kiyoyozi walichokilipia. Gari likaanza kulalia kushoto nyuma. Fundi alilala chini yake asubuhi nzima, akatoka ametapakaa vumbi, akasema springi ni nzima ila gari limebeba mzigo. Mzigo upi, na gari ni tupu? Abdulhalim akaandika kwenye tableti: "Springi. Ubora duni." Mzee Ndaki alimfuata ofisini mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kwamba abiria wameongezeka kwa asilimia thelathini. Alisema kweli, na hakujua ukweli wake ulivyokuwa mkubwa.

Safiya, binti yake wa pekee, alikuwa anasomea uuguzi Kahama. Alipomaliza likizo baba yake akamkatia tiketi mwenyewe, kwa fahari, safari ya mchana.

"Nimekupa ishirini na nane," alimwambia. "Dirishani. Hakuna atakayekusumbua."

Gari lilipofika Kahama watu walishuka wote, Safiya akabaki. Mhudumu alimwita, akamgusa bega. Msichana alikuwa amekaa wima, mkono wa kulia umeshika chuma cha siti ya mbele, mwili unayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, ilhali gari lilikuwa limezimwa. Macho yake yalikuwa dirishani.

"Lamboni bado?" aliuliza.

Mzee Ndaki alimrudisha nyumbani Kambarage, mjini Shinyanga, kwa gari lilelile, akiendesha huku machozi yakimtoka. Walimbeba wakamketisha kwenye kitanda chake, naye akaendelea na safari. Mkono hewani umeshika chuma kisichokuwepo. Mwili kushoto, mwili kulia, na mara mojamoja anaruka kidogo, kama tairi limeingia shimoni. Mama yake alimwita, "Safiya, mwanangu, ni mimi," naye akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama muuza karanga nje ya dirisha wakati gari linaondoka.

Hakula siku ile wala ya pili. Miguu yake, ambayo haikuwa imekanyaga chini, ikawa inatoa maji yenye tope, na Mwaisha akawa anaifuta na kanga, anaikamua, anaifuta tena, huku analia kimyakimya.

Abdulhalim alifanya nini? Alifanya wanavyofanya wasomi wa miezi mitatu elimu inapowaishia: alimleta mganga mwenye jina kubwa na gari kubwa zaidi. Fundi Akida aliingia na chetezo, majoho, na wasaidizi wawili wa kubeba majoho. Akamtazama msichana sekunde chache, akatangaza kuwa ni jini wa baharini, anataka marashi na kuku mweupe. Jini wa baharini, Shinyanga! Hapa hata maji ya bomba yanakuja kwa ratiba.

"Wewe jini," Fundi Akida akanguruma katikati ya moshi wa udi, "nakuamuru useme! Uko peke yako au mko wangapi?"

Safiya akaacha kuyumba. Akafungua mdomo, na zikatoka sauti nyingi, za wanaume na wanawake, za wazee na za watoto, zote za watu waliochoka, zote kwa adabu ileile: "Shusha."

Fundi Akida alitoka kupitia mlango wa jikoni. Ndala zake ziko nyumbani pale mpaka leo, kama anazitaka azifuate.

Mwaisha alijifunga kanga ya pili, akaita bajaji, akaenda mtaa wa Ngokolo kwa Rhoda, akamkuta anapepeta mchele uani. Akapiga magoti pale pale kwenye makapi.

"Inuka, mayu," yaani mama, Rhoda alisema akimshika mkono. "Mama mzazi hapigi magoti kwa kosa la mumewe. Amekaa siti ile?"

"Amekaa. Dada Rhoda, ni kitu gani kile?"

"Ni abiria. Wana shughuli zao hapa mjini, wanarudi kwao lamboni. Nani katwambia ni sisi peke yetu tunaosafiri? Kila gari linalokwenda hupanda mmoja, anakaa nyuma, anashuka kwake, hana neno na mtu. Sasa mumeo kawapitisha kwao. Mtu mmoja akipitishwa kituo huvumilia. Wakijaa, humshikilia yeyote aliyekaa kwenye siti yao." Akaweka ungo chini. "Siku ya ngapi leo?"

"Ya tatu."

"Msimwache afike ya tano. Atainuka ashuke mwenyewe, atembee hadi kule, na akishuka mwenyewe hapandi tena. Lakini mimi sifungui mlango ule. Afungue aliyeufunga."

Abdulhalim alipoambiwa, alisema huo ni ushirikina. Mwaisha alimtazama. Ndoa ya miaka ishirini na moja, na hakuwahi kumtazama vile.

"Mwanangu akitembea kwenda lamboni," alisema taratibu, "na wewe utamfuata. Nitakupeleka mimi."

Asubuhi ya siku ya nne wakaitoa ile costa ya ekspresi, tupu. Mzee Ndaki kwenye usukani, Rhoda pembeni yake, Safiya siti ishirini na nane na mama yake akiwa amemkumbatia, na Abdulhalim mlangoni anapostahili kukaa konda, na viatu vyake vyenye ncha. Gari lilikuwa linalalia kushoto kiasi cha kusugua tairi.

Walifika Lamboni saa sita mchana, jua liko utosini. Hakuna cha kutisha pale ukipaona: bango la kituo lililopinda, na nyuma yake lambo lenyewe, limekauka, udongo umepasuka vipande vipande mpaka upeo wa macho. Mzee Ndaki akazima injini.

"Hesabu ya saba kwa kila mmoja," Rhoda alimwambia Abdulhalim kwa sauti ya chini. "Ukifika saba useme 'Shuka salama,' uanze tena. Usitazame nje. Tazama hiyo tableti yako, angalau leo ikufae. Safari ngapi ulizowapitisha?"

Hapo Abdulhalim alikuwa kwenye fani yake, na hata katika hofu ile shingo ilinyooka. "Siku ishirini na tatu, safari mbili. Arobaini na sita. Ninazo hapa."

"Una hakika?"

"Zimo kwenye ripoti."

"Basi uhesabu arobaini na sita, na wa mwisho akishuka ufunge, hata ukisikia nini. Binti yako atataka kushuka nao. Mayu, usimwachie."

Abdulhalim akafungua mlango. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba akasema, "Shuka salama," na ngazi ya mlangoni ikalia chini ya uzito wa mguu ambao hakuuona, na gari likainuka kidogo, kidogo sana, upande wa kushoto. Akaweka alama kwenye tableti. Hewa iliyompita ilikuwa ya baridi na ilinuka tope. Akaanza tena.

Kwenye mtu wa tano Safiya aliinuka, akasogea siti moja mbele, kama watu wanavyosogea kwenye foleni. Kwenye wa kumi akasogea nyingine, na mama yake akasogea naye, amemshika kiunoni, anasoma Ayatul Kursiyu na kuikosea na kuirudia. Na kadiri foleni ilivyokwenda ndivyo Abdulhalim alivyosikia vitu ambavyo kwenye kozi hawakumfundisha, mkufu wa mwanamke ukilia, kikohozi cha mzee, mtoto akiburuzwa na kuulizwa kwa lugha ambayo si Kisukuma wala Kiswahili lakini maana yake ilikuwa wazi kabisa kwamba kwa nini alilala njia nzima, na kila mmoja alipopita mbele yake alisita, akamtazama, naye Abdulhalim alijua kwamba anatazamwa kwa sababu nywele za mkono wake zilisimama upande ule tu, kisha ngazi ikalia na gari likainuka na kwenye chuma cha ngazi ukabaki wayo wa maji, ukakaukia juani kabla hajaweka alama, na nyuma ya mlolongo huo wote kulikuwa na hatua moja anayoifahamu, ya kandambili za binti yake, ikikaribia siti kwa siti, mpaka kwenye arobaini Safiya alikuwa nyuma ya bega lake, na kwenye arobaini na tano pumzi yake ilikuwa shingoni mwake, na haikuwa na joto.

"Arobaini na sita," alisema Abdulhalim. "Shuka salama."

Ngazi ikalia. Safiya akanyoosha mguu juu ya ngazi.

"Baba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, tamu, ya utotoni. "Hapa ndipo kwangu. Nipishe."

Kumbe mtu yule alikuwa baba bado, chini ya takwimu zote. Alipiga ukelele, akamsukuma kwa bega akaanguka juu ya mama yake, na kuubamiza mlango kwa mikono miwili. Nje, kwenye udongo mkavu, kitu kikacheka kidogo, kwa adabu, kikaenda zake.

Safiya akafumbua macho sakafuni. Mkono wake ulikuwa umeshika kanga ya mama yake.

"Mama," alisema, "nina njaa." Kisha akamwona Rhoda. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Rhoda akajibu, akageuza uso wake mbele.

Ingekuwa mtu mwingine angemshukuru yule mwanamke. Abdulhalim alimwambia "Tutawasiliana." Mzee Ebrahim ndiye aliyemrudisha Rhoda kazini, kwa simu moja, bila kuuliza cheti. Na Lamboni ikarudi kwenye ratiba, ila meneja wetu aliona aibu kuiandika kwa jina lake. Aliandika: "Kituo cha ukaguzi wa kiufundi, dakika moja." Akaambatanisha ripoti kwa Mzee Ebrahim: waliopitishwa arobaini na sita, walioshushwa arobaini na sita, tatizo limefungwa. Akaweka na mchoro.

Wiki ikapita. Safiya akawa anakula kwa watu wawili. Jioni moja, baada ya magharibi, Mwaisha alikuwa anachambua nguo chafu. Akasimama. Akaja sebuleni na shati mkononi, linanuka tope tena. Abdulhalim alikuwa kwenye kochi, anatazama taarifa ya habari.

"Baba Safiya. Ile siku ya majaribio, ulikaa siti gani?"

"Ishirini na nane. Ndiyo unayoonea gari zima."

"Mlisimama Lamboni?"

"Majaribio ya ekspresi, tusimame Lamboni tufanye nini?"

"Uliihesabu safari hiyo?" Mwaisha akauliza.

"Ile haikuwa safari ya abiria. Haimo kwenye ripoti."

"Basi wako arobaini na saba," mkewe akasema kwa kunong'ona, macho yake yakiwa kwenye mto wa kochi, ule wa pembeni ya mumewe. Ulikuwa umedidimia katikati, na maji yalikuwa yanadondoka pembezoni, tone kwa tone, kwenye zulia. "Alikuja na wewe. Ameshuka na wewe hapa. Muda wote huu yumo humu ndani, anangoja. Baba Safiya, nakuomba kwa jina la Mungu, kesho alfajiri twende. Hesabu ya saba tu. Neno moja."

Abdulhalim alitazama ule mto. Alitazama vizuri, na uso wake ukawa wa majivu. Kisha akatazama tableti.

"Ripoti nimeshaituma," alisema. "Nikimwandikia Mzee Ebrahim kwamba ni arobaini na saba, nitaonekana sijui kuhesabu."

"Shusha," ikasema sauti pembeni yake. Ilikuwa sauti ya adabu, ya mtu aliyekwishachoka.

Abdulhalim akaongeza sauti ya televisheni. Mabega yake yalikuwa yameanza kuyumba, kidogo kushoto, kidogo kulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe, unatafuta chuma cha siti ya mbele.

Mwaisha alimwamsha Safiya, akafunga nguo zao kwenye shuka, akaita bajaji iwapeleke Ngokolo kwa bibi yake Safiya. Alipofika mlangoni aliuacha wazi, akageuka asitazame, akahesabu mpaka saba, akasema, "Shuka salama."

Hakutoka mtu. Kutoka Kambarage mpaka Lamboni ni kilomita hamsini na kitu, na mwenye gari, aliyekuwa akiyumba kwenye kochi, alikuwa hataki kusimama.